Mkulima mgeni na sikukuu za kijiji cha Ukraine: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nilisomea kilimo Ukraine, kisha nikabaki kufanya kazi ya bwana shamba katika kijiji kimoja cha Podillia, upande wa Vinnytsia. Mwajiri wangu alikuwa mgeni kama mimi, ila yeye alitoka Ulaya Magharibi na alikuwa na matrekta. Niliondoka Machi 2022. Maswali yaliyo hapa nayapata kutoka kwa ndugu wanaofikiria kwenda, kwa wale waliosoma huko wakaishia mjini bila kukijua kijiji, na kwa wadadisi tu. Najibu kwa niliyoyaona. Yaliyobadilika baada yangu nimeyapata kwa simu kutoka kwa jirani zangu wa kule.

Mkulima mgeni ni nani hasa? Ardhi ni yake?

Si yake. Sheria ya soko la ardhi iliyoanza kazi tarehe 1 Julai 2021 iliwaruhusu raia wa Ukraine kununua mashamba, na kuanzia tarehe 1 Januari 2024 kampuni za wenyeji nazo zikaruhusiwa. Mgeni hawezi kununua shamba mpaka wananchi wakubali kwa kura ya maoni. Kwa hiyo Mholanzi au Mjerumani unayemkuta kijijini ni mpangaji.

Mwenye ardhi ni bibi wa nyumba ya pili, yule mwenye kitambaa kichwani na kuku sita. Mashamba ya pamoja ya enzi ya Kisovieti yalipovunjwa katika miaka ya 1990, kila mwanachama alipewa fungu la hekta chache linaloitwa *pai*. Ukitaka kulima hekta elfu moja, itabidi uwe na mikataba na mamia ya mabibi na mababu. Kodi hulipwa kwa fedha, au kwa nafaka, sukari na mafuta ya alizeti, na wengi wanapenda magunia yafike getini.

Naanza na hili kwa sababu bila kulijua utadhani unaalikwa kwenye sikukuu kwa ukarimu tu. Ukarimu upo, tena mwingi. Lakini anayekualika ni mwenye ardhi unayoilima, na mkataba ukifika mwisho atakumbuka kama ulikuja au hukuja.

Krismasi yao ni Desemba au Januari?

Sasa ni tarehe 25 Desemba. Wakati wangu kijiji kizima kilisherehekea tarehe 7 Januari, ingawa tangu 2017 serikali ilikuwa imeifanya tarehe 25 Desemba nayo kuwa siku ya mapumziko. Kanisa la Kiorthodoksi la Ukraine pamoja na Kanisa la Kikatoliki la Kigiriki yalihamia kalenda mpya rasmi tarehe 1 Septemba 2023, na sheria ya Julai mwaka huo ikaiondoa tarehe 7 Januari kwenye orodha ya sikukuu za taifa. Kalenda ya zamani, ya Juliani, ipo nyuma kwa siku 13, kwa hiyo sikukuu zote zenye tarehe maalumu zimerudi nyuma siku hizo 13. Pasaka haikuguswa. Bado inahesabiwa kwa hesabu ya zamani, na mwaka 2025 ilitokea tu kuangukia siku moja na ya Wakatoliki wa Roma, tarehe 20 Aprili.

Wapo waumini wa kanisa lililokuwa chini ya Moscow ambao wameshikilia tarehe za zamani. Kijiji kinaweza kuwa na Krismasi mbili, na mgeni mwenye busara hula katika zote mbili bila kutoa maoni.

Mabadiliko hayo yanamhusu nini mkulima?

Sikukuu hizi ndizo zilizokuwa kalenda ya shamba kabla ya kuwepo kalenda za ukutani. Siku ya Petro na Paulo ilikuwa tarehe 12 Julai. Wazee walisema ikishapita, noa mundu, na kweli ngano ya kupandwa vuli huko Podillia huiva baada ya hapo. Leo sikukuu hiyo ni tarehe 29 Juni, na masuke bado mabichi. *Pokrova*, sikukuu ya Ulinzi wa Mama wa Mungu, ilikuwa tarehe 14 Oktoba: kupanda kumekwisha, msimu wa harusi unaanza. Sasa ni tarehe 1 Oktoba, na mashine za kupandia bado zipo shambani.

Sikukuu zimesogea, mvua na baridi hazikusogea. Jirani yangu mmoja, dereva wa kombaini, aliniambia kwenye simu kwamba kanisani anafuata tarehe mpya na shambani anafuata ya mama yake. Nadhani wengi wanafanya hivyo.

Mkesha wa Krismasi ukoje?

Nitaueleza ule wangu wa kwanza, uliokuwa bado tarehe 6 Januari. Siku hizi ni tarehe 24 Desemba, mambo mengine ni yale yale.

Saa kumi na nusu jioni giza lilikuwa limeshaingia. Bibi mwenye ardhi yetu alinituma nje na mjukuu wake tukatafute nyota ya kwanza, maana kabla ya nyota hakuna anayekula, na watu wazima wanafunga tangu asubuhi. Theluji ilitufika kwenye vifundo vya miguu. Mawingu yalikuwa mazito, nyota haikuonekana. Mtoto akaamua taa ya mnara wa simu inatosha, tukaingia ndani.

Meza ilikuwa imetandikwa nyasi kavu, kisha kitambaa cheupe juu yake, ndiyo maana sahani zilikaa upande upande. Kila pembe ya meza palikuwa na kitunguu saumu chini ya kitambaa. Sakafuni, chini ya meza, palikuwa na shoka. Tuliambiwa kila mmoja alikanyage kwa mguu wake ili awe imara kama chuma mwaka mzima. Kwenye kona ya picha takatifu, inayoitwa *pokuttia*, alisimama *didukh*: mganda wa ngano uliofungwa vizuri, na jina lake linatokana na neno la babu. Wazee waliokufa wanasemekana kurudi ndani ya mganda huo. Kiti kimoja kiliachwa wazi, na sahani mbele yake.

Vyakula ni 12, vyote bila nyama wala maziwa. Cha kwanza ni *kutia*: ngano iliyochemshwa ikachanganywa na asali, mbegu nyeusi za mpopi zilizosagwa, zabibu kavu na njugu. Baba wa nyumba alichota kijiko kimoja akakirusha darini. Punje zikinata nyingi, nyuki watazaa sana. Zilinata, chache zikaniangukia shingoni, watu wakacheka. Kisha *borshch* ya bitiruti na maharage, samaki, *varenyky* za viazi, *holubtsi* ambazo ni majani ya kabichi yaliyoviringwa na kujazwa, uyoga, mbaazi, na mwisho *uzvar*, kinywaji cha matunda yaliyokaushwa, chenye harufu ya moshi. Onja vyote 12. Ukivishindilia vitatu vya kwanza, kama nilivyofanya mimi, cha tisa utakimeza kwa machozi.

Mimi ni Mwislamu. Nitakaa vipi kwenye meza hiyo?

Mkesha wa Krismasi ndio mlo rahisi kuliko yote, kwa kuwa nyama haipo kabisa na mafuta yanayotumika ni ya mimea. Taabu ni kesho yake. Wiki chache kabla, kaya nyingi zimechinja nguruwe, na kuanzia Krismasi yenyewe meza inajaa soseji, *kholodets* ambayo ni mchuzi wa nyama ulioganda, na *salo*, mafuta ya nguruwe yaliyotiwa chumvi. Sema mapema, si mbele ya sahani. Waukraine wanawafahamu Waislamu. Watatari wa Krimea, ambao ni Waislamu, ni raia wenzao. Kwa pombe, weka mkono kifuani na ushukuru. Ukisisitizwa mara ya pili, sema unaendesha gari. Mara ya tatu hawatauliza.

Ni kweli ng'ombe huongea usiku ule?

Ndivyo wanavyosema, na pia wanasema anayekwenda kuwasikiliza anajitafutia balaa. Lililo dhahiri ni kwamba kabla ya familia kula, mwenye nyumba hupeleka *kutia* na mkate kwa mifugo. Kwa mwajiri wetu mwenye ng'ombe wa maziwa zaidi ya mia mbili hilo lilikuwa jambo la kuchekesha, mpaka wakamuaji wawili walipokuja zamu ya usiku na ndoo ndogo wakapita zizi zima, kila ng'ombe kipande. Tangu hapo yeye mwenyewe alinunua mikate.

Kukamua kwenyewe hakusimami. Mpangilio wa zamu za Desemba uandikwe Novemba, na wenye watoto wadogo waulizwe kwanza.

Mwaka mpya watoto waliingia ndani wakanimwagia ngano sakafuni. Nimekosea nini?

Hukukosea, umebarikiwa. Jioni ya mkesha wa mwaka wasichana hupita wakiimba *shchedrivky*, na asubuhi wavulana hupita "kupanda": wanarusha nafaka nyumbani mwako wakikutakia afya na mavuno. Anayetangulia kuvuka kizingiti asubuhi hiyo anatakiwa awe mwanamume au mvulana. Mpe fedha kidogo na pipi. Usifagie papo hapo. Mimi nilifagia, nikazoa, nikatupa kwenye takataka mbele ya bibi. Hakusema neno. Siku ya pili alikuja kuniuliza taratibu kama kwetu ngano hutupwa.

Ule wimbo wa Kiukraine unaojulikana zaidi duniani wakati wa Krismasi, *Shchedryk* uliopangwa na Mykola Leontovych na kuimbwa hadharani mara ya kwanza Kyiv mwaka 1916, asili yake ni nyimbo hizo za mwaka mpya. Maneno yake ya asili ni mbayuwayu anamwita mwenye nyumba atoke akaone kondoo wake wamezaa. Ni wimbo wa mfugaji.

Sikukuu gani haimo kwenye kalenda yoyote lakini itanisimamishia kazi?

*Khram*. Hii ni siku ya mtakatifu au tukio ambalo kanisa la kijiji limepewa jina lake, na kila kijiji kina yake. Ndugu huja kutoka vijiji vya jirani, meza hupangwa nyumba kwa nyumba, na kijiji cha pili hakina habari. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga kupiga dawa kwenye soya siku hiyo. Hali ya hewa ilikuwa nzuri kabisa, upepo hakuna, tangi limejaa. Nilisimama pale karakana toka saa kumi na mbili alfajiri mpaka saa mbili, hakuja mtu. Ilipofika saa tatu alikuja fundi mmoja, amevaa shati lililotariziwa, si kufanya kazi bali kunichukua.

Uliza tarehe ya *khram* siku ya kwanza unapofika. Ni muhimu kuliko orodha ya sikukuu za taifa. Isitoshe, tangu hali ya kijeshi ianze 2022 sheria haimlazimishi mwajiri kutoa mapumziko siku za sikukuu za taifa, na watu wamezoea. *Khram* haikuwahi kutegemea sheria.

Ni lini hairuhusiwi kugusa udongo?

Kwa desturi, kabla ya *Blahovishchennia*, sikukuu ya Kupashwa Habari Maria, ardhi imelala na haifai kuiamsha. Siku yenyewe hata ndege hajengi kiota. Zamani ilikuwa tarehe 7 Aprili, na mashamba makubwa yalikuwa hayangoji, kwani shayiri ya masika inataka unyevu wa theluji iliyoyeyuka. Sasa ni tarehe 25 Machi. Hapa kalenda mpya imempendelea mkulima. Siku nyingine ni Ijumaa Kuu: trekta ikilima karibu na kanisa siku hiyo utasikia maneno, na utakuwa umeyataka.

Pasaka nifanye nini?

Uwe na kikapu. Usiku au alfajiri watu hupanga vikapu kuzunguka kanisa ili padri avinyunyizie maji ya baraka. Ndani mna *paska*, mkate mrefu mtamu. Soseji, siagi, jibini, chumvi, mzizi mkali unaopanda puani kama haradali, na mayai. Mayai ya rangi moja, mara nyingi yaliyochemshwa na maganda ya vitunguu, ni *krashanky*, ya kula. Yale yaliyochorwa kwa nta ni *pysanky*, si ya kula. Sanaa hiyo iliingizwa kwenye orodha ya UNESCO Desemba 2024, Ukraine pamoja na Estonia. Juu ya kikapu hutandikwa kitambaa kilichotariziwa.

Jumatatu yake, hasa magharibi mwa nchi, vijana humwagiana maji. Usivae vizuri.

Wiki moja baada ya Pasaka ni *provody*, siku za makaburini. Familia husafisha makaburi, huweka mayai na mkate, na hula pale pale na marehemu wao. Kama huna kaburi kijijini, bado nenda. Mimi nilipewa koleo na kuonyeshwa kaburi lisilo na mwenyewe.

Mavuno yana sherehe?

Yana *obzhynky*, siku ya kumaliza kukata. Zamani mashuke ya mwisho hayakukatwa: yaliachwa wima, yakafungwa kwa utepe kama ndevu, na mkate ukawekwa chini yake. Kwa kombaini ya mita tisa ndevu hazibaki, lakini dereva wetu alikuwa anazima mashine hatua chache kabla ya mwisho, anashuka, anakata fungu kwa kisu. Huo ndio mganda uliokwenda kwa bibi na kuwa *didukh* majira ya baridi.

Agosti kuna *Makoviia*, ya kubariki vichwa vya mpopi na maua, kisha *Spas*, ya Kugeuka Sura Bwana, ya tufaha na asali. Siku hizi ni tarehe 1 na tarehe 6. Mama aliyefiwa na mtoto hali tufaha jipya mpaka *Spas* ipite. Usimsukumie.

Kuhusu Ivana Kupala, ile ya kuruka moto na kuacha mashada ya maua yaelee mtoni mwezi Juni: ni nzuri, nenda, ruka. Zaidi ya hapo haina mengi kwa mkulima.

Kwa nini Novemba wanawasha mishumaa madirishani?

Jumamosi ya nne ya Novemba, saa kumi jioni, ni kumbukumbu ya Holodomor, njaa ya 1932 na 1933 iliyoletwa na utawala wa Stalin kwa kunyang'anya nafaka vijijini. Walikufa mamilioni, katika udongo mweusi ulio miongoni mwa bora duniani. Kwa sheria ya Agosti 1932 mtu aliyeokota masuke yaliyobaki kwenye shamba la pamoja aliweza kufungwa au kuuawa.

Nilielewa hapo kuhusu ile ngano niliyoifagia. Bibi alizaliwa baada ya njaa. Mama yake ndiye aliyepona. Baada ya mavuno yetu alikuwa akipita na mfuko pembezoni mwa shamba, akiokota masuke yaliyoanguka, na hakuna aliyekuwa na haja ya kumruhusu.

Siku hiyo hiyo mwaka 2022, ikiwa miaka 90, ndipo ulipozinduliwa mpango wa kupeleka nafaka ya Ukraine kwenye nchi zenye uhaba, Kenya ikiwemo.

Vita vimebadilisha nini?

Nasimulia niliyoambiwa. Ibada za usiku zimesogezwa mchana au alfajiri kwa sababu ya amri ya kutotoka nje. Waimbaji wa Krismasi wanachangisha kwa ajili ya jeshi. Wanaume mezani ni wachache, na kile kiti kilichokuwa cha mababu sasa kina picha ya mtu mwenye umri wangu. Msafara wa askari aliyekufa ukipita, kijiji kinapiga magoti kando ya barabara. Mgeni naye apige.

Kwa anayeuliza njia: anga limefungwa kwa ndege za abiria tangu tarehe 24 Februari 2022, unaingia kwa nchi kavu. Na maeneo yaliyopiganiwa yana mabomu ya ardhini mashambani. Usikanyage shamba ambalo mwenyeji hajakuambia ukanyage.

Nipeleke nini nikialikwa?

Matunda, kahawa nzuri, kitu cha watoto. Maua yawe idadi witiri. Mimi nilipeleka waridi kumi, na bibi akachomoa moja akampa mjukuu kabla hajashukuru, kwa sababu idadi shufwa ni ya msiba. Vua viatu mlangoni. Usimpe mtu mkono mkiwa mmesimama pande mbili za kizingiti.

Salamu zake ni zipi?

Krismasi unasema *Khrystos narodyvsia*, unajibiwa *Slavimo Yoho*. Pasaka ni *Khrystos voskres*, jibu ni *Voistynu voskres*. Msemaji wa Kiswahili hapati shida: kama shikamoo haijibiwi kwa shikamoo, hizi nazo kila moja ina marahaba yake. Salamu hizo huendelea kwa siku nyingi, dukani, karakana, hata kwenye simu ya muuza mbolea.

Mganda unafanywa nini sikukuu zikiisha?

Unapurwa kwa mkono, na majani yanachomwa bustanini. Punje hazipikwi. Bibi alizitia kwenye kopo la kahawa akaliweka juu ya jokofu, na tulipoanza kupanda Septemba alikuja shambani kwa baiskeli, akamwomba dereva afungue kifuniko cha mashine, akazimimina humo zikachanganyika na mbegu zetu zilizotiwa dawa.